Kauri za Mwambao na Nyumba ya O'Swald ya Hamburg

Mwalimu mmoja wa historia anayefundisha Tanga ameniletea swali refu, nami nalifupisha hapa. Bibi yake mzaa mama alimwachia kijaluba chenye kauri chache za baharini, na wazee wa ukoo wao walikuwa wakisimulia kwamba hapo kale Wajerumani walizinunua kauri za namna hiyo kwa shehena za meli nzima, miaka mingi kabla ya bendera ya Mjerumani kupandishwa mahali popote katika Mrima. Anataka kujua kama habari hiyo ni ya kweli na kauri zenyewe zilipelekwa wapi. Anauliza pia kama wafanyabiashara wale ndio waliomfungulia Mjerumani mlango wa kututawala, na kama kauri za bibi yake zaweza kuwa masalio ya biashara ile.

Mwalimu, wazee wako walihifadhi habari ya kweli, tena habari ambayo vitabu vyetu vya shule vimeipita kwa haraka mno. Tumezoea kuanza hadithi ya Wajerumani na Carl Peters, aliyewatafutia koloni huku kwetu, na karatasi zake za mikataba za mwaka 1884, kana kwamba kabla ya hapo hakuna Mjerumani aliyewahi kutia nanga Unguja. Lakini nyumba ya biashara ya Wm. O'Swald na Wenzake, ya Hamburg, ilifungua uwakala wake Unguja mwaka 1849. Peters alipofika, nyumba hiyo ilikuwa na miaka thelathini na mitano mjini, ikijua bei ya pembe na msimu wa ufuta, ikijua nani hulipa deni lake na nani hukawia.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe "Wajerumani". Mwaka 1849 hapakuwa na dola iliyoitwa Ujerumani. Hamburg ulikuwa mji huru wenye serikali yake na bendera yake nyekundu yenye ngome nyeupe, na waliouongoza walikuwa kwa sehemu kubwa ni wafanyabiashara na wanasheria wa mji huohuo. Mji wa namna hiyo haukuwa na jeshi la majini la kuwalinda watu wake ng'ambo. Mfanyabiashara wa Hamburg aliyefika Unguja alikuja bila manowari nyuma yake, na alichotegemea ni mkataba, mkopo na hisani ya Sultani. Jambo hili naomba ulishike, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi ya yaliyofuata.

Mwanzilishi wa nyumba hiyo, Wilhelm O'Swald, alizaliwa mwaka 1798. Kabla ya kujitegemea alisafiri katika miaka ya 1820 kama msimamizi wa shehena katika meli za Prussia zilizoizunguka dunia, kazi iliyomtaka mtu ajue nini kinatakikana katika kila bandari na nini kinapatikana humo kwa bei ya chini. Mwaka 1831 akafungua nyumba yake mwenyewe Hamburg. Wanawe wawili, Albrecht Percy na William Henry, ndio walioishika biashara ya Afrika baada yake.

Sasa kauri. Kiswahili kina majina kadhaa ya simbi hizi ndogo. Tunaziita kauri, na kwa sababu ya wororo na mng'ao wake jina hilo limehamia hata kwenye vikombe na sahani. Tunaziita kete, nazo ndizo zilizochezewa bao. Na tunaziita simbi, neno ambalo ndugu zetu wa Buganda wanalo hadi leo katika *ensimbi*, yaani fedha. Katika mwambao wetu wenyewe kauri hazikuwa fedha. Zilikuwa pambo, zilikuwa dawa ya kijicho, zilikuwa kete za bao, na misafara ilizibeba kwenda Karagwe na Buganda ambako zilikuwa na thamani. Mtu wa Mafia au Pemba aliyeziona zimetapakaa juu ya mwamba maji yakipwa hakuona utajiri mbele yake.

Afrika ya Magharibi mambo yalikuwa mengine kabisa. Huko, kuanzia Dahomey (Benin ya leo) na nchi ya Wayoruba hadi ndani sana ya bara, kauri zilikuwa sarafu ya sokoni kwa karne nyingi. Zilihesabiwa kwa mpango ulioeleweka na kila mchuuzi: kauri 40 zilifanya utungo mmoja, tungo 50 zilifanya kichwa kimoja, yaani kauri 2,000, na vichwa kumi vilifanya gunia la kauri 20,000. Kauri zilizotumika zilikuwa za Visiwa vya Maldivi, ndogo na nyepesi, zilizopitia Bara Hindi na kufikishwa Ulaya, kisha zikapakiwa tena kwenda Guinea. Waholanzi na Waingereza walizipeleka kwa mamilioni wakati wa biashara ya watumwa, na idadi isiyohesabika ya binadamu waliuzwa kwa magunia ya simbi hizo. Biashara ya watumwa ya Atlantiki ilipobanwa, mahitaji ya kauri hayakupungua. Yaliongezeka, kwa kuwa Ulaya sasa ilitaka mafuta ya mawese kwa sabuni, mishumaa na kulainishia mashine, na mkulima au mchuuzi wa mawese alitaka alipwe kauri.

Katikati ya miaka ya 1840 mfanyabiashara mwingine wa Hamburg, Adolph Jacob Hertz, alijaribu kuzipeleka Afrika ya Magharibi kauri za mwambao wetu, ambazo ni za jamii tofauti na zile za Maldivi: ni kubwa zaidi, nzito zaidi, na mgongoni zina pete ya rangi ya manjano inayoelekea chungwa. Bei yake Unguja ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ya Maldivi. Zilikubaliwa Ouidah, mji wa pwani wa Dahomey, zikakubaliwa Lagos, ijapokuwa baadhi ya masoko ya ndani zaidi yalizikataa kwa sababu ya ukubwa na uzito wake. Waliobaki hawakungoja kuambiwa mara ya pili. O'Swald akaingia, akafuata Hansing wa Hamburg, na kutoka Marseille akaja Régis.

Nataka nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo wazee wako waliyoiona. Kauri huokotwa maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, miamba inapoachwa wazi mbali na ufuko. Ndani ya kila simbi mna mnyama, kwa hiyo zilifukiwa mchangani au kuachwa juani hadi nyama ioze, kisha zikaoshwa na kuanikwa. Harufu ya kazi hiyo anaijua kila mtu wa pwani aliyewahi kusahau kombe mfukoni. Aliyezikusanya kutoka kwa waokotaji mara nyingi alikuwa mfanyabiashara mdogo, asiye na mtaji wa kununua pembe, aliyekodi dau au mashua, akazunguka visiwani na kwenye vijiji vya Mrima na kununua kidogo kidogo kwa nguo na vitu vya matumizi. Unguja akazipima kwa jizla, kipimo kilekile cha nafaka, na kumkabidhi wakala wa Hamburg. Meli zikazipakia kama ambavyo zingepakia mtama.

Sasa tazama safari ya meli hiyo. Iliondoka Hamburg na bidhaa za Ulaya, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikashusha bidhaa zake Unguja na kupakia kauri. Ikarudi tena kuzunguka Rasi, ikapanda hadi Ghuba ya Benin, na huko ikashusha kauri katika mitumbwi na mashua zilizovuka mawimbi makali ya ufuko, kwa kuwa Ouidah haina bandari na Lagos ilikuwa na kina kidogo mlangoni. Kwa kauri hizo ikalipwa mapipa ya mafuta ya mawese, na mapipa hayo ndiyo yaliyorudi Hamburg. O'Swald akaweka uwakala Lagos pia, hivyo akawa na watu wake katika ncha zote tatu. Alinunua Unguja kitu kilichopimwa kama nafaka, na kitu hichohicho kilipogusa nchi kavu upande wa pili wa Afrika kikageuka kuwa sarafu. Sidhani kuna biashara nyingine ya karne ile iliyompa mfanyabiashara uwezo wa kuiokota fedha ya watu wengine kwenye ufuko wa watu wengine tena, akailipia nauli tu.

Biashara hiyo iliwatajirisha wenye meli, lakini ilikuwa na sumu ndani yake. Fedha ikimiminwa sokoni bila kipimo huishiwa nguvu, na kauri hazikuwa na benki kuu ya kuzizuia. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 kichwa kimoja cha kauri 2,000 kilihesabiwa Ouidah kuwa sawa na dola moja ya fedha. Kufikia miaka ya 1890 kichwa hichohicho Lagos kilikuwa na thamani ya peni 6 hivi, na gunia zima shilingi 5. Mpigie hesabu mama mchuuzi wa Kiyoruba aliyefukia akiba ya magunia kumi wakati ule wa kwanza: kwa bei hizo alikuwa na dola 100, na baada ya miaka arobaini akiba ileile, bila kuguswa na mwizi wala panya, ilikuwa shilingi 50, ambazo ni dola kumi na mbili tu. Hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la Hamburg. Waliokuwa na meli waliona mapema kwamba faida inakwisha na wakatoka kabla ya mwisho wa miaka ya 1860. Waliobaki na magunia ya kauri ndani ya nyumba zao hawakuwa na pa kutokea.

Wapo wanaoiita biashara hii "halali" kwa sababu haikubeba watumwa. Jina hilo nalipokea kwa tahadhari kubwa. Mawese mengi yaliyolipiwa kauri yalikamuliwa na kubebwa na watumwa wa Dahomey na wa nchi za jirani, na karafuu zilizopakiwa Unguja zilichumwa na watumwa wa mashamba. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa saini Juni 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897. Kwa muda wote huo nyumba za Ulaya na Marekani zilinunua mazao bila kuuliza mikono iliyoyatoa shambani. Hatuna haki ya kuwafanya watu wa Hamburg kuwa wabaya kuliko wengine katika hili, lakini pia hatuna haki ya kuwasafisha.

Kauri zilipowaachia, O'Swald alikuwa amekwisha kupata mizizi Unguja kwa bidhaa nyingine. Nje zilikwenda pembe, ngozi, ufuta, mbata, sandarusi na karafuu. Ndani ziliingia nguo, waya wa shaba, ushanga, bunduki na baruti. Hapo alikutana na Wamarekani, ambao nguo yao ilikuwa imeenea kiasi kwamba mpaka leo tunaiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliwakatia Wamarekani pamba na meli, na pengo hilo wafanyabiashara wengine, wa Hamburg wakiwamo, walilijaza kwa furaha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wakala wa Kizungu ndiye aliyekuwa bwana wa biashara ya Unguja. Yeye hakwenda Tabora wala Ujiji. Aliuza bidhaa zake kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakawakopesha wenye misafara, Waarabu na Waswahili, waliokwenda bara na kurudi baada ya mwaka au miaka miwili. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, na katika miaka ya 1850 na 1860 aliyeisimamia mjini ni Ladha Damji, mtu ambaye kila mgeni mwenye shehena alipaswa kuelewana naye. Madaftari ya Hamburg yangekuwa karatasi tupu bila madaftari ya Kigujarati.

Sasa nafika kwenye sehemu ya pili ya swali lako, na hapa panahitaji uangalifu. Sayyid Said alikuwa ameshafanya mikataba ya biashara na Wamarekani mwaka 1833, na Waingereza mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Wafanyabiashara wa Hamburg waliona hatari ya kubaki nje ya utaratibu huo, na tarehe 13 Juni 1859 miji huru ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikafanya mkataba na Sayyid Majid, mwanawe aliyemrithi Unguja, kwa juhudi za watu wa O'Swald, William Henry akiwa mstari wa mbele. Kwa mkataba huo walipata haki zilezile walizokuwa nazo mataifa makubwa, ukiwamo ushuru wa bidhaa ziingiazo usiozidi asilimia 5, na haki ya kuweka balozi mdogo wa biashara. Ubalozi huo ukakaa mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Mtu mmoja aliuza baruti asubuhi, na alasiri akavaa koti la serikali na kumwandikia Sultani barua. Dola ya Ujerumani ilipoundwa mwaka 1871 ilirithi nafasi hiyo iliyokwisha kutandikwa, na kwa zaidi ya miaka kumi haikutuma mtu wake mwenyewe.

Wengi wataniuliza kuhusu Bibi Salme, kwa hiyo nimtaje. Binti huyo wa Sayyid Said aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza na kuolewa Aden mwaka 1867 na Rudolph Heinrich Ruete, kisha wakaishi Hamburg, ambako mumewe alikufa kwa ajali mwaka 1870. Ruete hakuwa mtu wa O'Swald. Alikuwa wa nyumba ya Hansing, mshindani wao. Lakini kisa kile kiliwatia hofu Wahamburg wote wa mjini, kwa kuwa wote waliishi kwa ridhaa ya Sultani mmoja na wote wangeweza kuipoteza siku moja.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za Kiingereza zikaanza kuleta barua Unguja kila mwezi. Mwaka huohuo kimbunga cha Aprili kiling'oa minazi na mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi bandarini. Nyumba zilizotegemea matanga na njia ndefu ya Rasi zililazimika kujipanga upya. O'Swald alijipanga, akapanua kazi hadi Madagascar, na katika miaka ya 1870 Hamburg ilikuwa miongoni mwa wateja na wauzaji wakubwa kabisa wa Unguja chini ya Sayyid Barghash.

Katika hali hiyo, mwishoni mwa mwaka 1884, Carl Peters na wenzake wakapita Usagara, Nguru, Useguha na Ukami wakiwawekea watawala wa huko karatasi za Kijerumani wasizoweza kuzisoma, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akawapa hati ya ulinzi. Barghash alipinga. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani chini ya Komodoo Paschen zikatia nanga mbele ya kasri, na Bibi Salme mwenyewe aliletwa Unguja wakati huo ili madai yake ya mirathi yawe shinikizo juu ya kaka yake.

Mawakala wa O'Swald na wa Hansing hawakushangilia. Kwao Peters alikuwa mtu asiye na mtaji wala uzoefu, anayekuja kumtukana mtawala ambaye wao walifanya biashara kwa amani na ukoo wake kwa miongo mitatu, mtawala ambaye ushuru wake mdogo na bandari yake moja iliyopangika ndivyo vilivyowapa faida. Walitaka njia ya kwenda bara ibaki wazi na Sultani abaki na nguvu ya kuilinda, bila gharama kwao. Kama ungewaomba mwaka 1883 wachague kati ya Sultani na Kaisari, sina shaka wangemchagua Sultani.

Hapa wanatofautiana kabisa na ukoo mwingine wa Hamburg ambao huchanganywa nao mara kwa mara, yaani Woermann. Carl Woermann alianza kupeleka meli Afrika ya Magharibi mwaka 1849, na mwanawe Adolph, aliyekuwa pia mbunge, ndiye aliyekisukuma Chumba cha Biashara cha Hamburg mwaka 1883 kuiomba serikali iweke makoloni. Wakala wake alikuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba na wafalme Bell na Akwa wa Douala, huko Kamerun, mwezi Julai 1884. Shehena zake nyingi zilikuwa pombe kali, na aliitetea bungeni. Vita vya kuwaangamiza Waherero na Wanama, watu wa Namibia ya leo, vilipokuja, kuanzia 1904, meli zake ndizo zilizowabeba askari na farasi, kwa malipo yaliyoleta malalamiko huko Ujerumani kwenyewe. Woermann aliitaka bendera, akaiendea, na akalipwa nayo.

Je, tofauti hiyo inamtoa O'Swald hatiani? Jibu langu ni kwamba inabadilisha shtaka lakini hailifuti. Hakumwita Peters. Lakini mkataba wa 1859, ubalozi, ramani za bei na misimu, makarani waliojua Kiswahili, na hoja ya kwamba "kuna maslahi ya Wajerumani Unguja yanayohitaji kulindwa", vyote hivyo vilitengenezwa na wafanyabiashara, na serikali ilipokuja ilivikuta mezani. Baada ya bendera kupanda, nyumba hizo hazikugoma. Ziliendelea kununua na kuuza chini ya utaratibu mpya, zikafungua matawi katika bandari za Bara.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliona utaratibu huo mpya ni nini. Kampuni ya Peters ilipochukua forodha, Pangani iliinuka mwezi Agosti, Abushiri bin Salim akiongoza, na Bwana Heri akasimama Saadani. Biashara ya mwambao ilisimama, misafara ikakwama, na wafanyabiashara wa Hamburg wakapata hasara ambayo waliitabiri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miezi sita na nusu baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zikagawana: Unguja na Pemba zikawa chini ya Mwingereza, na ukanda wa pwani ukabaki kwa Mjerumani, Sultani akalipwa marki milioni 4. Kwa hiyo makao makuu ya nyumba kongwe za Kijerumani katika Afrika Mashariki yaliangukia upande wa Mwingereza, kwa mkono wa serikali yao wenyewe. Mwalimu, nadhani hapo ndipo panapojibu swali lako vizuri kuliko maelezo yangu yote: dola iliyodai kuja kuwalinda wafanyabiashara hao haikuona tabu kuuacha mji wao ilipopata inachokitaka.

Mwaka huohuo bunge la Ujerumani liliidhinisha marki 900,000 kila mwaka kwa ajili ya meli za moshi za moja kwa moja, na ikazaliwa Hamburg kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, Adolph Woermann akiwa kichwani. Nyumba za Hamburg zilizokuwa na biashara Unguja hazikubaki nje ya jambo hilo. Meli yake ya kwanza iliitwa Reichstag, yaani Bunge, na jina hilo linasema wazi fedha zilitoka wapi. Kusudi moja la meli hizo lilikuwa kuifikisha shehena Tanga na Dar es Salaam bila kupitia mikono ya Unguja. Hata vipande vya meli tunayoiita leo Liemba, vilivyofungwa katika masanduku kama 5,000, viliondokea Hamburg kwa njia hiyohiyo mwaka 1913, vikapanda reli kuelekea Kigoma. Vita ilipokuja, meli Somali ya kampuni hiyo iliteketea katika delta ya Rufiji ikiihudumia manowari Königsberg, na meli Tabora ikazamishwa katika bandari ya Dar es Salaam mwaka 1916. Mali za Wajerumani Unguja zilikuwa zimekwisha kushikwa na Waingereza tangu vita ilipoanza, na nyumba ya O'Swald, baada ya miaka sitini na mitano, ikaondolewa mjini.

Imebaki kauri ya bibi yako. Itoe kijalubani uigeuze mgongo. Ukiona pete nyembamba ya manjano au chungwa imezunguka mgongo wa simbi, hiyo ni ya miamba yetu, jamii ileile iliyopakiwa na O'Swald. Ikiwa haina pete, ina pembepembe na rangi ya manjano hafifu, yaweza kuwa ile ya Maldivi, ambayo nayo huonekana kwetu. Lakini tazama jambo la pili: kama mgongo umetobolewa au umekatwa, basi iliwahi kushonwa au kutungwa, yaani ilivaliwa na mtu au ilitiwa katika pambo, kwa kuwa shehena ziliondoka Unguja zikiwa nzima na kutobolewa kulifanywa na watumiaji wake huko zilikokwenda. Kwa hiyo iliyotobolewa ni ya ukoo wenu, si ya Hamburg. Na kama ni nzima, haina tobo, na zinafanana ukubwa, ningemuuliza mzee yeyote aliyebaki kama katika nyumba ya bibi kulikuwa na ubao wa bao, kabla ya kufikiria meli yoyote.